Ugonjwa wa Huzuni na Chama Chetu
(Hotuba iliyosomwa na mjumbe wa wafanyakazi wa njia ya reli mbele ya wanachama waliokuwa likizo, Masimba)



Twawashukuru kwa kuacha soko na mashamba mkaja kutusikiliza, hasa kwa kuwa mvua ya huku kwetu haina huruma, na mabati ya chumba hiki yana matundu. Iliposemwa kwamba tutazungumza juu ya siasa, wengine walidhani tutasema nani achaguliwe. Hatutasema hayo. Tutasema juu ya mtu ambaye huwaza siasa usiku kucha hata hali chakula, na jinsi sayansi inavyomweleza mtu huyo, na jinsi chama chetu kilivyompoteza mmoja wetu kwa kutojua.

Katika genge letu alikuwako mwenzetu mmoja, mtu wa huku huku kwetu. Jina lake hatulitaji, lakini mengine yote ametupa ruhusa tuyaseme. Kazi yake ilikuwa kutembea kwa miguu juu ya njia kila asubuhi, na nyundo na spana mkononi, akiangalia nati zilizolegea, mataruma yaliyopasuka na kokoto zilizohama. Wenye kuijua kazi hii wanajua kwamba mtu huyo akikosea watu waweza kufa. Kwa miaka minane hakukosea.

Kisha ndugu yake mkubwa akafa. Baada ya matanga likaja shauri la shamba, na shamba lenyewe, baada ya kugawanywa tangu enzi ya babu, lilikuwa halitoshi hata kufunga ng'ombe wawili. Mwenzetu akaanza kuamka saa tisa za usiku na usingizi usirudi tena. Akaacha kula nasi. Akawa anasikiliza redio na kusoma habari katika simu mpaka alfajiri. Ulikuwa mwaka 2024, wakati wa Mswada wa Fedha, vijana walipoingia Bungeni tarehe 25 Juni na wengine wakapigwa risasi. Asubuhi alikuja akisema: nchi imekwisha, chama kimekwisha, nami nimekwisha. Sisi tukamjibu kwa hoja. Tulibishana naye juu ya kodi na juu ya Bunge, kama tunavyobishana na mtu yeyote wakati wa chai. Hatukutambua kwamba maneno mawili ya kwanza yalikuwa siasa, na la tatu lilikuwa ugonjwa.

Akaanza kuchelewa. Akapata barua ya kwanza ya onyo, kisha ya pili. Siku moja nyapara alipita nyuma yake kwa kiberenge, akakuta nati nne zimelegea mahali ambapo mwenzetu alikuwa ameandika kuwa pana usalama. Akaitwa ajieleze. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 41, yasema kwamba kabla ya mtu kufutwa kwa kosa, kwa kazi mbaya au kwa kutojiweza, lazima aelezwe sababu kwa lugha anayoifahamu, na mfanyakazi mwenzake au mjumbe wa chama awepo pale pale. Tuliokwenda ni sisi. Tulikaa kando yake. Tukasema ni mtu mwema, amekosa, asamehewe kwa ajili ya watoto. Hakuna kati yetu aliyesema, "Mtu huyu ni mgonjwa, na aonwe na daktari kwanza." Kifungu cha 30 cha sheria ile ile kinampa mfanyakazi aliyetimiza miezi miwili likizo ya ugonjwa, isiyopungua siku 7 kwa mshahara kamili na siku 7 kwa nusu mshahara katika kila mwaka, akiwa na cheti cha daktari. Hatukukitaja. Kikao kilikwisha kabla chai haijapoa, naye akafutwa.

Hatuyasemi haya ili tulaumu ofisi. Ofisi ilisoma karatasi zilizokuwa mezani, na karatasi ya daktari haikuwako kwa sababu sisi hatukuileta.

Kwa nini hatukujua? Tulisema amerogwa kwa ajili ya shamba. Wengine wakasema ni pombe, wengine uvivu. Lakini iko sababu nyingine ya zamani zaidi, nayo ni ya siasa.

Hospitali ya Mathari, Nairobi, ilifunguliwa mwaka 1910. Kuanzia mwaka 1938 hadi 1950 iliongozwa na daktari wa Serikali ya kikoloni aliyeitwa J. C. Carothers, ambaye alipopewa kazi hiyo hakuwa amesomea magonjwa ya akili. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake juu ya akili ya Mwafrika. Ndani yake alisema kwamba ugonjwa wa huzuni ni nadra sana kwa Waafrika, na kwamba Mwafrika amefanana na Mzungu ambaye sehemu ya mbele ya ubongo wake imekatwa kwa upasuaji. Kwa maneno mengine, hatuhuzuniki sana kwa kuwa hatujilaumu, na hatujilaumu kwa kuwa ubongo wetu wa mbele haufanyi kazi. (Wakati huo huo hapa Gusii walikuwako ababari, mafundi wetu wa kupasua fuvu la mtu aliyeumia kichwa, ambao madaktari wa nje walikuja baadaye kuandika habari zao. Hatujui kama Bwana Carothers aliwahi kunywa chai na mmoja wao.)

Tuangalie alivyohesabu. Aliwahesabu watu walioletwa Mathari. Je, ni nani aliyekuwa akiletwa Mathari siku zile? Ni yule aliyevunja nyumba ya watu, au aliyetembea uchi sokoni, au aliyempiga askari. Mtu aliyelala kitandani ameelekea ukuta, haongei, hali, hakuna askari aliyemkamata. Alibaki nyumbani mpaka apone au afe. Ni kama mtu asimame stesheni ambapo treni ya mizigo haisimami, kisha aandike kwamba nchi hii haina treni za mizigo.

Mwaka uliofuata, 1954, Serikali ilichapisha kitabu kingine cha daktari huyo huyo, juu ya Mau Mau. Humo watu waliokuwa wakidai ardhi na uhuru walielezwa kama watu wenye matatizo ya akili, waliochanganyikiwa kwa sababu mila zao zimevunjika na za kizungu hawajazishika. Basi tazameni. Mwaka 1953 wagonjwa waliambiwa si wagonjwa. Mwaka 1954 watu wenye madai ya haki waliambiwa ni wagonjwa. Ni mtu mmoja, kalamu moja, na muda wa mwaka mmoja.

Mambo hayo yalikuja kusahihishwa na wengine. Dakta Thomas Adeoye Lambo wa Nigeria alimpinga mapema. Dakta Raymond Prince, aliyefanya kazi Nigeria pia, aliandika mwaka 1967 kwamba taarifa za kabla ya 1957, mwaka wa uhuru wa Ghana, zilisema huzuni ni nadra Afrika, na za baada ya hapo zikasema ni nyingi, akauliza kama waliobadilika ni wagonjwa au ni madaktari. Mwaka 1979 Orley na Wing walitoa habari za vijiji viwili vya Uganda ambako, baada ya kwenda nyumba kwa nyumba, walikuta huzuni nyingi kuliko sehemu ya London waliyoilinganisha nayo. Mwaka huo huo hapa Kenya, Ndetei na Muhangi walionyesha kwamba katika kliniki moja ya kawaida, karibu mtu mmoja katika watano waliofika alikuwa na ugonjwa wa akili, na wengi walikuwa wakilalamika maumivu ya mwili tu. Huyo twamjua sote. Husema kichwa, kifua, mgongo, tumbo kuwaka moto. Hupewa dawa ya malaria akaenda zake.

Sasa tunafika penye neno letu. Makosa yale mawili hayakuondoka na Mkoloni. Yako nasi, na kila moja lina watu wake.

Kosa la kwanza ni la waajiri wengine. Wenzetu wa kiwanda kimoja walituambia kwamba waliomba makoti ya mvua na malipo ya saa za ziada, wakaletewa mtu wa kuwafundisha kuvuta pumzi polepole na kutuliza mawazo. Mafundisho yalikuwa mazuri, walisema, nao waliyasikiliza wakiwa wamelowa. Mtu anayedai haki yake asiambiwe kwamba ana msongo wa mawazo. Huko ndiko kurudi mwaka 1954.

Kosa la pili ni letu wenyewe wa chama. Twapenda kusema, "Hakuna ugonjwa hapa, shida ni mshahara, mshahara ukipanda huzuni itakwisha." Ni maneno matamu ya kusema jukwaani. Lakini mwenzetu yule, bonasi ya chai ilipotoka kwa mama yake mwezi wa Oktoba na pesa kidogo zikaingia nyumbani, hakuinuka kitandani. Alisema aliziona zile noti kama majani makavu. Kumwambia mtu wa namna hiyo kwamba hana ugonjwa ndiko kurudi mwaka 1953.

Sayansi ya siku hizi inatusaidia kutenga mambo haya mawili, na tutatoa mifano miwili ya karibu.

Wa kwanza ni wa Uganda, wilaya za Masaka na Rakai, ambako UKIMWI ulikuwa umeua watu wengi. Watafiti hawakuanza na majina ya vitabuni. Waliwauliza wanavijiji ni matatizo gani wanayoyaona, nao wakataja kwa Kiganda hali mbili, moja ya mtu kujichukia na nyingine ya kujisikitikia, na dalili zake zikawa karibu sawa na zile ambazo madaktari huziita huzuni. Kisha vijiji 30 vikagawanywa kwa bahati nasibu. Katika vijiji vingine waliougua waliwekwa katika vikundi vidogo, wanaume peke yao na wanawake peke yao, wakakutana mara moja kwa wiki kwa wiki 16. Walioongoza hawakuwa madaktari. Walikuwa watu wa pale pale waliofundishwa kwa wiki mbili. Walizungumza juu ya mambo matatu: kufiwa, ugomvi, na maisha kubadilika ghafula. Matokeo yalitolewa mwaka 2003. Waliokaa katika vikundi, waliobaki na ugonjwa walikuwa kama 6 au 7 katika 100. Katika vijiji visivyopewa vikundi walikuwa kama 55 katika 100. Kufiwa, ugomvi, na maisha kubadilika: mwenzetu alikuwa nayo yote matatu, na genge lake la kumsikiliza lilikuwa hapo hapo likimbishia juu ya kodi.

Mfano wa pili ni wa Nakuru, na huu wapenda jukwaa wataufurahia zaidi. Watafiti Haushofer, Mudida na Shapiro waliandika mwaka 2020 juu ya watu zaidi ya 5,000 wa mashambani. Wengine walipewa pesa, wengine walipewa mazungumzo ya ushauri kwa wiki chache, wengine vyote viwili. Baada ya mwaka mmoja, waliopata pesa walikuwa na hali bora na mioyo iliyotulia zaidi. Waliopata ushauri peke yake hawakuonyesha tofauti. Lakini angalieni vizuri. Watu hawa hawakuchaguliwa kwa kuwa wagonjwa wa huzuni, bali walikuwa wananchi wa kawaida wenye shida za kawaida. Wale wa Uganda walichaguliwa kwa kuwa walikuwa na ugonjwa. Kwa hiyo maskini apewe haki yake ya fedha, na mgonjwa apewe matibabu, na aliye na yote mawili apewe yote mawili. Hakuna mwajiri wala mjumbe wa chama mwenye ruhusa ya kubadilisha kimoja kwa kingine.

Dalili tuzitaje, maana mtaulizwa. Moyo mzito, au kutoona raha katika jambo lolote lililokuwa likikupendeza, karibu siku nzima na karibu kila siku, kwa wiki mbili au zaidi. Pamoja na hayo usingizi kupotea au kuzidi, chakula kukosa ladha, mwili kuchoka bila kazi, akili kushindwa kushika jambo, kujiona huna faida, na kuwaza kufa. Huzuni ya matanga si lazima iwe ugonjwa, na mtu akilia anamlilia ndugu yake. Lakini matanga yakiisha naye akazidi kuzama, asiachwe.

Dawa zipo. Mojawapo ya za kwanza iligunduliwa kwa bahati, katika miaka ya 1950 huko New York, wagonjwa wa kifua kikuu walipopewa dawa ya mapafu na baadhi yao wakachangamka kuliko ilivyotazamiwa. Za siku hizi ni nyingine, nazo hukawia, huchukua wiki mbili hadi nne kabla mtu hajaona nafuu, na wengi huziacha siku ya tano wakisema hazifai. Zisiachwe ghafula, wala zisichanganywe na pombe. Na sisi wa njia ya reli tuna neno letu la pekee: nyingine, kama amitriptilini, huleta usingizi. Mwambie daktari kwamba unafanya kazi penye treni, ili akuchagulie inayofaa, au akuandikie kazi ya karakana kwa muda.

Bwana Mwenyekiti, kuna habari ya sheria ambayo wengi hapa hawajaisikia. Kwa miaka mingi kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilimfanya mhalifu mtu aliyejaribu kujiua akaokoka. Jamaa walimficha, wakaogopa kumpeleka hospitali wasije wakaulizwa na polisi. Tarehe 9 Januari 2025 Mahakama Kuu, Jaji Lawrence Mugambi, iliamua kwamba kifungu hicho kinakwenda kinyume cha Katiba. Mama yake mwenzetu hakujua hayo. Alimkuta mwanawe katika hali ambayo hatutaieleza, akakaa naye siku mbili mlango umefungwa, akiogopa chifu kuliko kifo. Jirani ndiye aliyemshauri wampeleke hospitali kubwa ya Kisii, na huko hawakuulizwa na polisi yeyote. Waliulizwa tu kwa nini walikawia.

Na kwa kuwa tuko nyumbani, tuseme na hili, ijapokuwa litawaudhi wengine. Mwezi wa Oktoba 2021 huko Marani, katika kaunti yetu hii, wanawake wanne wazee waliuawa kwa madai ya uchawi. Mama Margaret Field, daktari aliyefanya kazi Ghana, aliandika mwaka 1960 juu ya wanawake waliokwenda kwa waganga wakijishtaki wenyewe kuwa ni wachawi, naye alipowachunguza akaona wengi ni wagonjwa wa huzuni. Mwanamke mzee asiyelala, anayetembea usiku, anayesema peke yake, asiyejibu salamu, tumemwita nini hapa kwetu? Hatusemi kila mmoja wao alikuwa na ugonjwa huu. Twasema hakuna aliyepewa nafasi ya kuulizwa na daktari.

Wengine watasema mazungumzo ya ndani hayafai kwetu kwa ajili ya chinsoni, kwamba baba na mwana hawaelezani mambo ya moyoni. Ni kweli. Wala hatuombi mtu amweleze baba yake. Lakini desturi ile ile inamruhusu mjukuu kutaniana na babu na nyanya na kusema nao lolote. Kule Harare, Dakta Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 na akina nyanya kumi na wanne, akawafundisha, akawaweka kwenye mabenchi nje ya zahanati wawasikilize watu. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2016 ulionyesha kwamba waliokaa nao walipata nafuu kuliko wenzao. Nyanya tunao hapa Masimba. Mabenchi pia yako, ingawa moja limevunjika mguu.

Juu ya kuwaza siasa, hatumwambii mtu aache. Mfanyakazi akiacha siasa, wengine watamfanyia, na hawatamfanyia kwa faida yake. Tunachoomba ni kwamba asifanye siasa peke yake saa tisa za usiku. Tulimuuliza mwenzetu juzi ni nini kilichokuwa kibaya zaidi, akatuambia: "Kila habari niliyosoma ilikuwa ya kweli. Ndiyo maana sikuweza kuwabishia." Tumelifikiri sana neno hilo. Hatuna jibu lake lote. Lakini tumeona kwamba habari ile ile ya kodi, ikiletwa katika mkutano, mtu mmoja huandika barua, mwingine hukusanya sahihi, mwingine hucheka, na saa mbili baadaye watu huenda kula. Ikisomwa kitandani, hakuna la kuitendea.

Mwenzetu sasa anakunywa dawa, analala, anauza ndizi sokoni, na ameanza tena kutuudhi kwa mabishano. Kazi hajarudishiwa. Tumeandika barua ya rufani pamoja na cheti cha daktari, nayo imecheleweshwa na sisi wenyewe, siyo na mtu mwingine, kwa miezi tuliyopoteza tukisema amerogwa. Ikikataliwa tutauliza wakili wa chama.

Twaliomba tawi lipitishe leo kwamba mjumbe yeyote anayekwenda kikao cha kumtetea mtu kwa kuchelewa, kukosa kazini au kuharibu kazi, amuulize kwanza faraghani habari za usingizi, chakula na msiba, na akiona haja aombe kikao kiahirishwe mpaka daktari amwone. Tena, katika mapatano yajayo, siku za ugonjwa wa akili zitajwe kwa maneno yake, pamoja na makoti ya mvua, katika karatasi moja.

Kikundi cha kwanza cha kukaa pamoja kitakutana Jumamosi ijayo, saa nane mchana, baada ya soko. Wanaume watakaa chumba hiki, akina mama watakaa kwenye baraza ya kanisa, na hatutaandika majina. Ufunguo uko kwa mweka hazina. Anayeweza kuja na msumari na ubao kwa ajili ya lile benchi, aje mapema.